Komare wa Meza ya Pichi

Watu wa San Jose husimulia kampuni ya matunda ya makopo ya Whitcomb kana kwamba Whitcomb aliianzisha peke yake. Crocifissa, mmoja wa wamenyaji wa kwanza, alikuwapo. Ilianza na banda bovu, jiko moja, na wanawake wa Sisilia waliomenya pichi hadi vidole vikakunjamana. Leo picha ya Whitcomb imetundikwa langoni, na hao wanawake hakuna anayewakumbuka hata kwa jina.

Biashara ilipokua, kazi ikawa haipatikani ila kwa kujuana. Crocifissa akajiona mjanja. Alipojifungua binti yake Nunziata, alimwendea Agatina, nyapara wa meza za kumenyea, na mkate wa Pasaka mkononi, akamwomba awe mama wa ubatizo. Tangu hapo wakaitana komare, na kwao komare ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja: humgombezi, humnyimi kitu. Kila msimu king'ora cha kiwanda kilipolia, Crocifissa alikuta mahali pake mezani pakimngoja, hata alipokuwa mjane.

Kisha kampuni ikaleta magadi makali ya kuchubulia pichi. Maganda yalitoka upesi, na ngozi ya mikono nayo ikafuata. Mwaka Nunziata alipotimiza miaka kumi na minne, mama yake hakuweza tena kushika kisu.

Jumapili moja kabla ya msimu, Agatina alikuja kunywa kahawa.

"Komare, mikono hiyo haifai hata kujikunia kichwa," alisema akicheka.

"Itapona. Wewe niwekee tu mahali pangu."

"Nimeshaweka. Atasimama Nunziata."

"Mtoto anasoma, komare! Anataka kuwa mwalimu."

"Na mtakula nini, daftari? Niliapa mbele ya padri kwamba nitamtunza. Leo namtunza, wewe unaninunia?"

Crocifissa alimchukia, na akajichukia zaidi, maana komare huyu alimtafuta yeye mwenyewe. Komare haambiwi hapana.

"Kunywa kahawa, komare. Inapoa."

Siku king'ora kilipolia, Crocifissa aliruka kitandani kwa mazoea, akapapasa msumari wa aproni. Haikuwapo. Nunziata alikuwa ameivaa, inamfika miguuni, amempa mama yake mgongo amfungie kamba.

Crocifissa alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena. Vidole vilikataa.

"Acha tu, mama," alisema Nunziata bila kugeuka. "Mama wa ubatizo atanifunga huko."