Feizi Moja, Kwaya Nzima

Wacha niwaambie mwenyewe kabla msikie kutoka kwa watu wa Kimilili, maana wale wanaongeza chumvi na hii aibu yangu imekolea tayari.

Mimi ni fundi wa stima hapa Kitale, niko na diploma, na wakati huo nilikuwa najidai nayo vibaya sana. Mchumba wangu Wafula akanialika kwao Kimilili, kwaya ya kanisa lao inazindua nyimbo mpya, na mamake ndiye wa kuokea wageni keki kwa oveni zake mbili kubwa za stima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonana naye, na posa ilikuwa inangojea neno lake tu. Kuona jenereta ya feizi tatu imeletwa, yaani stima inatoka kwa njia tatu, nikajipiga kifua: "Mama, hiyo maneno ya stima niachie."

Nikapiga hesabu kwa kiganja. Nikajumlisha mzigo wote (sisi mafundi chochote kinachokula stima tunakiita mzigo), oveni, spika, taa, birika za chai, kilowati thelathini, nikafanya ile kugawanya yetu, nikapata amperi arobaini na tatu kwa kila feizi, na breka, ile swichi inayojikata mzigo ukizidi, inabeba sitini na tatu. Safi! Sasa, hesabu hiyo inaamini umegawa mzigo sawasawa kwa feizi zote tatu, lakini soketi za zile zingine mbili zilikuwa ng'ambo ya matope, na mimi na gauni langu jeupe na viatu vya kisigino kirefu, nikasema ah, si stima ni stima tu, nikachomeka kila kitu kwa feizi moja.

Kwaya ikaanza, dada wa sauti ya kwanza akapanda juu kabisa, Mama huko nyuma akawasha oveni ya pili, paa! Kimya. Jamaa wa jenereta akarudisha breka, ikakaa kidogo, ikaanguka tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Nikapanda jukwaani nikashika maiki (eti nakagua waya, kumbe natafuta pa kujificha), nikamfokea Wafula kwa sauti ya chini:

"Mzigo hapa ni mama yako, bana! Anamaliza stima yote. Tukimtoa huyo, sisi wengine tutapumua!"

Sikujua jamaa amerudisha breka. Maneno yangu yakatoka kwa spika zote mpaka sokoni, na ile breka ikashikilia muda wa kunimaliza tu, halafu ikaanguka.

Mama akatokea, unga mpaka kwa viwiko.

"Ni mimi mnataka kutoa?"

"Hapana Mama, nilikuwa nasema oveni..."

"Oveni iko na jina yake. Wewe umesema mama yako."

Wafula, mwanaume mzima, akaanza kuchunguza kucha zake. Pasta alikohoa ndani ya leso mpaka machozi yakamtoka.

Nikavua viatu, nikaingia matope na gauni jeupe, oveni moja nikaipeleka feizi ya pili, nyingine ya tatu, na stima ikakaa mpaka jioni. Lakini yule dada alikataa kabisa kushika ile maiki, ati imetoa ushuhuda mbaya.

Posa ilikuja, ingawa ilichelewa sana njiani. Siku hizi napigia kila feizi hesabu yake peke yake, na nikiona maiki nanyamaza kama bubu. Lakini Mama hajasahau. Balbu yake ikiungua anaita fundi atoke Webuye, na mimi, mke wa mtoto wake, na diploma yangu, kazi yangu ni kumshikia huyo fundi tochi.