Kamba ya Shangazi

Mjukuu wangu kaleta kamba mpya ya katani ya kufungia mbuzi. Harufu yake iliponifikia nikamwambia aitoe nje upesi.

Nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani shangazi aliporudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Nesi alimkabidhi mama vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akamwambia, "Mpe kazi ya mikono. Na asifungwe."

Siku ile ile ami, kaka yake shangazi, akaleta bunda la kamba mpya, akalitundika ukutani. "Akichafuka, mfungeni mguu kama zamani."

Ami alipoondoka, mama akaitia kamba kwenye beseni la maji, akaita, "Wifi, njoo tuwambe kitanda."

Wakawamba siku mbili, mama akivuta huku, shangazi akikaza kule. Vidole vya shangazi vilitetemeka kwa dawa, lakini hakuacha hata uzi mmoja ulegee.

Siku ya tatu ami akarudi. Majirani wa mtaa wetu, Ngamiani, walikwisha kumtia maneno kwamba shangazi hajafungwa. Akakaa kitandani, akaangaza ukutani.

"Shemeji, kamba i wapi?"

"Umeikalia," mama akasema.

Ami akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Kaa, kaka. Nimeikaza mwenyewe, haikatiki."

Hakufungwa tena, si siku ile wala mpaka anakufa.

Mbuzi nimesema afungwe kwa kamba ya mpira. Kwa katani hiyo tutawamba kitanda.