Viraka vya Seva, Kutoka Biharamulo Hadi Kambini

Nilitumwa Ngara kwa sababu ya kirusi. Kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta za ofisi yetu ya Mwanza na kuzilaza zote. Huko magharibi shirika letu lilikuwa na seva nyingine: Biharamulo, Lusahunga, Ngara mjini na kambini kwa wakimbizi. Ndizo zilizotunza majina ya familia na mgawo wao wa chakula. Watengenezaji walishatoa viraka, programu ndogo za kuziba tundu ambalo kirusi kilipitia. Kazi yangu ilikuwa kuzifundisha seva zivute viraka zenyewe kupitia dishi la setilaiti, tuache kuzunguka na mfuko wa diski za sidii.

Asubuhi tulivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi. Sikuweza kutulia. Mzee Salehe, dereva wetu, alinitazama nikizunguka gari.

"Monika, binti yangu, hata ukitembea humu kivukoni, ng'ambo hatutafika mapema."

Biharamulo alitupokea Mama Yasinta, mkuu wa kituo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na vumbi. Kula kwanza."

Nilimeza ugali wa muhogo nikiwa nimesimama. Nikachukua nakala ya akiba ya seva nzima, kisha nikapanga mambo: Biharamulo ipokee viraka kwanza, nyingine zisubiri mpaka niruhusu. Viraka vikaingia, seva ikajizima, ikawaka tena. Nikashusha pumzi. Mama Yasinta akajaribu kufungua programu ya mgawo. Haikufunguka.

Papo hapo redio ikaita. Alikuwa Bwana Festo, mkuu wa ofisi ya Ngara.

"Monika, achia viraka viende kote! Kirusi kikitufikia tumekwisha."

"Hapa viraka vimeangusha programu ya mgawo. Nikiviachia, kesho kambini watu watarudi na magunia matupu."

"Na kirusi kikitangulia?"

"Chomoeni waya wa dishi, hapo na kambini. Fanyeni kazi bila mtandao mpaka nifike."

"Haya. Ila mambo yakiharibika, wenye njaa utawaeleza wewe."

Nilirudisha seva kutoka kwenye ile nakala, nikaingiza viraka kimoja kimoja, kila mara Mama Yasinta akijaribu mgawo. Kimoja kilikuwa kinafunga njia ambayo programu yetu iliitumia. Nikaipa programu njia nyingine, na marekebisho hayo nikayaunganisha na viraka. Ikafunguka.

"Jaribu tena, mama."

"Nimejaribu mpaka majina ya watu nayajua kwa moyo," akasema.

Lusahunga tulikuta malori ya kwenda mpakani Rusumo yamejipanga yakisubiri polisi wa kuyasindikiza msituni, maana majambazi walikuwa wengi. Nilikwenda ofisini, nikairuhusu seva ya pale. Ilivuta viraka yenyewe, ikawaka, na mgawo ukafunguka. Nilitaka kufurahi, lakini msafara wetu na malori ulikuwa haujaondoka, na sikujua kirusi kilikuwa wapi.

Ngara mjini Bwana Festo alinisubiri getini. Hakunisalimia. "Waya tumechomoa. Fanya upesi." Niliingiza viraka kwanza kwa sidii niliyoiandaa Biharamulo, ndipo nikarudisha waya. Alisimama nyuma yangu mpaka jina la kwanza likatokea kwenye kioo, kisha akaenda kuniletea chai mwenyewe.

Kesho yake, tulipofika kambini, ugawaji ulikuwa umeanza. Nilikaa kando ya seva bila kuigusa. Mama mmoja kutoka Burundi, mtoto mgongoni, akanichungulia.

"Dada, mashine imekufa?"

"Haijafa, mama. Nangoja mmalize kuchukua chakula."

"Basi ngoja hivyo hivyo," akasema, akasogea na foleni. Familia ya mwisho ilipoondoka na unga wake, ndipo nikaweka viraka.

Njiani kurudi Mwanza nilielewa kwamba mashine kufanya kazi yenyewe si kuiachia ikimbie. Moja itangulie, ijaribiwe na anayeitumia, nakala ya kurudia iwepo, na kambi iwe ya mwisho, tena isiwe siku ya mgawo.

Viraka vipya vilipotoka, nilikuwa Mwanza, kidole juu ya kibonyezo. Bwana Festo alishauliza mara mbili kama tayari. Hatimaye Mama Yasinta akaita redioni: "Biharamulo tumeamka salama, mgawo unafunguka."

Nikairuhusu Lusahunga, peke yake.