Gemu Lililotiwa Bawaba

Fundi wa redio na simu, jirani yangu, hafungui kitu kabla ya kukitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Akishasikia, husema "mh," na wateja huiogopa hiyo "mh" kuliko ya daktari. Skrubu huzibandika kwenye sumaku kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Mikono yake minene, iliyovunja vikombe vingi nyumbani mpaka mkewe akampa cha bati, hushika waya mwembamba kama unywele bila kutetemeka.

Juzi mama mmoja alimletea gemu la mkononi la mwanawe aliyekwenda kufanya kazi mbali, akitaka ligeuzwe kompyuta ndogo ya kumwandikia. Mimi nilicheka; fundi akalitikisa. "Mh." Akaliunga na kibodi kwa bawaba za laptop iliyokufa, likawa linafunguka kama kitabu. Lilipofunguliwa mara ya kwanza, kioo kikalemea, likaanguka chali. Akalitukana kwa sauti ya chini, akahamishia betri chini ya kibodi, likatulia.

"Na hivi vitufe vya kuchezea, si uving'oe tu?" mama akauliza. "Mimi sichezi."

"Hiki kimelika upande mmoja, mama. Ni dole gumba la mwanao hilo. Akirudi atapatafuta."

Mama akaweka dole gumba lake pale palipolika, akaliacha hapo. Fundi akainama chini ya meza kutafuta skrubu ya mwisho, ambayo mimi nilikuwa naiona wazi kwenye sumaku.