Kifaranga Anayelia Redioni

Ipo siku haijanitoka kichwani, mwanangu, na wala si ya zamani. Mjukuu wangu Kalunde alikuja hapa kwangu mtaani Nsemulwa, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyefiwa. Kalunde ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Unaijaza mayai, unaipa umeme, inayaatamia kama mama kuku, ila yenyewe haidonoi mtu. Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini kile kioo cha mashine nimekichungulia mpaka pua ikaacha alama.

Shida yake ilikuwa hii: vifaranga wa mwezi uliopita hawakupata wanunuzi. Na kifaranga si chumvi, useme utamweka kabatini ukingoja mteja. Anataka chakula, anataka joto, akikosa anakufa huku unamtazama. Wengi walikufa. Mume wake alisema neno moja, tena kwa upole, na upole ndio uliomuumiza Kalunde: “Tumejaribu, mama watoto. Mayai yaliyomo yakitotolewa na watu wasije, mashine tunaiuza.”

“Ulitangaza wapi, mke mwenzangu?” nikamuuliza. Ndivyo ninavyomtania tangu mdogo.

“Kwenye televisheni, Bibi, ile ya kebo ya hapa mjini. Na tangazo lilipendeza!”

Kweli lilipendeza, nililiona kwa jirani. Vifaranga weusi, wa kahawia, wa madoadoa, wanakimbizana kama watoto waliofunga shule. Watu wakaja kwa Kalunde kundi zima, kuangalia. Wapangaji hao! Mtu ana chumba kimoja na kibaraza cha kuwekea jiko, kuku atamfugia kwenye ndoo? Macho hayana pazia, mwanangu. Kuona hakulipiwi.

“Sasa nakwenda redioni,” akasema. “Kijana wa redio ameshanitengenezea tangazo. Sikiliza.”

Akafungua simu. Lo! Ngoma inadunda, kijana anafoka kama anagombania kiti: “Oya wanangu, mchongo ndo huu, vifaranga ni moto!”

“Huyu anauza nini?” nikauliza.

“Vifaranga, Bibi.”

“Mimi nilidhani anauza ugomvi.”

Hapo nikamkumbuka marehemu mama mkwe wangu. Niliolewa kule Mpimbwe nikiwa msichana mbichi, sauti ninayo, akili bado inakuja. Mama mkwe alikuwa akiletewa dagaa kutoka ziwani. Siku moja akanituma niwaambie wanawake wa kijiji kwamba dagaa wamefika. Nikapita njia nzima napaza sauti, “Dagaaa! Dagaaa!” huku kila uwanja watu wanatwanga mpunga. Nikarudi jasho linanitiririka, najiona nimefanya kazi. Hakuja hata paka.

“We mtoto wa watu,” mama mkwe akaniambia, “ulisimama kwa nani?”

“Sikusimama, mama.”

“Basi umeitangazia michi. Neno halipiti juu ya mchi. Simama, ngoja mchi utulie, ndipo useme. Halafu ungoje swali. Asiyeuliza hanunui.”

Nilinuna, lakini nilirudi. Na kweli, kila niliposimama, mwanamke alipumzisha mchi, akajifuta uso, akauliza lile lile: “Wameanikwa mchangani au juu ya mwamba?” Kwa sababu dagaa wa mchangani unatafuna ziwa zima na ufukwe wake. Nikijibu, “Juu ya mwamba, mama,” anainuka kutafuta bakuli.

Nikamhadithia Kalunde hayo, kisha nikamuuliza, “Mama mkulima wa kule kijijini Magamba akisikia vifaranga, anauliza nini kwanza?”

Hakufikiri hata kidogo. “Kama ni wa kizungu au wa kienyeji. Wa kizungu hawawataki, hawajui kujitafutia.”

“Haya. Televisheni yako iliwaonyesha madoadoa ya kuku wa kienyeji, swali likajibiwa bila mtu kufungua mdomo. Ila mama wa Magamba hakuwepo. Televisheni inataka mtu akae, na mkulima anakaa saa ngapi? Redio inamfuata shambani, imening'inia kwenye tawi, anapalilia huku anaisikia. Lakini redio haina madoadoa. Nani atamjibu?”

Kalunde akasogeza kigoda karibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayagundua yale maneno wakati yananitoka. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kati ya vyombo hivi viwili, kimoja kina jibu na kingine kina mwenye swali.

Tukaanza kutafuta jibu litakalosikika redioni. Alikuwa na sauti ya vifaranga kwenye simu, akaiweka pale uwanjani. Ninaye tetea wangu mwekundu, mwewe alikuwa amemmalizia watoto. Kusikia vile, alikuja mbio, kichwa upande, akaizunguka simu, akaifunika kwa mbawa. Tulicheka mpaka machozi.

“Bibi, huyu ameshanunua!”

“Basi toa ngoma,” nikamwambia. “Walie vifaranga, kisha useme wewe mwenyewe, kwa lafudhi yako ya Kikonongo. Na lirushwe jua la utosini, majembe yamepumzika.”

Kijana wa redio alibisha. “Bibi, bila biti tangazo linapwaya.”

“Biti utaiweka kwenye harusi yako, tutakuja kucheza.”

Tangazo likawa hivi: vifaranga wanalia, halafu Kalunde anasema, “Mama, hawa si wa kizungu. Wana madoa, wanajitafutia wenyewe uani. Niko Nsemulwa, wanatotolewa Jumamosi, njoo na tenga.” Basi.

Asubuhi ya kutotolewa nilikuwa kwake mapema, mkono kiunoni. Vifaranga wanalia, mume wake anapanga maboksi, mlangoni hakuna mtu. Halafu baiskeli ikaegeshwa. Mwanamke wa Magamba, tenga nyuma, hata salamu hakutoa.

“Ndiwe unayesema wana madoa? Nionyeshe.”

Akamshika mmoja, akampuliza manyoya, akamgeuza, akamtazama mpaka nikaishiwa pumzi. “Kweli,” akasema, na akafungua pindo la kanga. Nyuma yake bodaboda zikaanza kufika, kila moja na mama na tenga lake. Jua halijageuka, maboksi yalikuwa matupu. Mume wa Kalunde akayatazama, akajikuna kichwa, akamwambia mke wake, “Sasa mayai mengine tunayapata wapi?”

Basi, mwanangu, nyie mnaofungua biashara msiniulize redio ni bora au televisheni. Fundi makochi wa Kashaulili namwambia aende kwenye televisheni, mteja wake yuko mjini, amekaa, na kochi halilii. Wewe tafuta kwanza mnunuzi wako ni nani, mikono yake inafanya nini saa hiyo, na swali lake la kwanza ni lipi. Kisha mjibu kabla hajauliza, wala usimdanganye, maana atakuja kukushika manyoya. Mapambo yafuate baadaye.

Mungu akupe riziki yenye miguu, ije yenyewe mpaka kwako. Akupe ulimi wa kweli na nyumba yenye maelewano, na kazi ya mikono yako isikufie mikononi. Amina.