Wimbo wa Kaka Ulipigwa Redioni, Friji la Mama Halimo

Nilikuwa katikati ya kuingiza nyimbo mpya kwenye kompyuta ya redio, hedfoni sikio moja, chai imeshapoa pembeni, mama akapiga simu.

"Wimbo wa kaka yako unapigwa sasa hivi," akasema. "Lakini friji langu halimo."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Mama, unasemaje?"

"Nasema friji langu halimo! Wewe si uko hapo hapo? Sikiliza. Wamelitoa."

Ukimsikia mtu mzima anaongea hivyo utamwombea dua. Lakini mama alikuwa na akili zake timamu. Ngoja nikueleze habari ya hilo friji.

Kaka yangu ni fundi wa majokofu. Mtaani wanamwita Fundi Baridi. Mchana anafungua migongo ya mafriji ya watu, mwisho wa wiki anapiga muziki chini ya jengo lililokuwa kiwanda cha nguo. Hakuna bango, hakuna tangazo. Unateremka ngazi, unasukuma mlango wa chuma, unakuta watu wanacheza mpaka rangi inabanduka ukutani. Karibu wote ni weusi. Wauguzi, madereva, washonaji, wasio na kazi.

Muziki wao wanauita mngurumo.

Ulianza siku kaka aliporekodi friji la mama jikoni, lile bovu ambalo aliapa kulitengeneza na hakulitengeneza. Alichukua sauti yake, akaishusha chini kabisa, akapanga ngoma juu yake. Ukisimama karibu na spika huisikii kwa masikio. Unaisikia kwa mbavu.

Mama analala na sauti hiyo na kuamka nayo. Humdanganyi.

Nikawasha spika ya studio.

Kweli bwana. Ngoma zipo. Makofi yapo. Sauti ya dada mwimbaji anayerudiarudia neno moja ipo. Chini yake, hakuna kitu. Ni kama nyumba imebomolewa kuta, paa limebaki linaelea.

Na wimbo huo niliuingiza kompyutani mwenyewe. Ukiwa mzima.

Kibaya zaidi, dakika chache kabla yake mtangazaji alikuwa amepiga wimbo wa Mapacha.

Mapacha ni vijana wawili weupe, wala si ndugu. Waliwahi kuteremka kule chini, wakacheza wakaloa jasho, wakasalimiana na kila mtu. Wakaondoka. Baada ya muda wakatoa mngurumo wao. Si mbaya, siwezi kusema uongo. Redioni ulipigwa na mzigo wake wote wa chini, mpaka glasi ya dirisha ikatetemeka.

Halafu mtangazaji akasema, "Na sasa, kutoka mjini, tuwasikie wanaofuata nyayo."

Ndipo akaupiga wa kaka yangu. Mgonjwa, hana tumbo.

Kabla ya chakula cha mchana mtandao ulikuwa umeshawaka.

"Mweusi kaiga, tena kaiga vibaya."

"Fundi Baridi arudi kwenye mafriji."

Mwingine akaweka picha ya spika ndogo ya simu, akaandika: mtambo wa mngurumo wa mjini. Wakacheka sana.

Kaka alikuja redioni na ovaroli lake la kazi, bisibisi bado mfukoni. Alikaa kwenye kiti cha wageni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Wewe ndiye uliyeingiza?"

"Ndiyo mimi, kaka."

"Basi nitajie aliyekata."

"Sijui. Nipe muda."

"Muda hatuna, mdogo wangu. Ijumaa wana kipindi kirefu, mngurumo ulitoka wapi, nani wa kwanza. Watautia kwenye kumbukumbu za redio. Wimbo ukipita hivi tena, mimi nitakuwa mwigaji wa friji la mama yangu mwenyewe."

Alisema taratibu. Kaka akipiga kelele nalala usingizi. Akisema taratibu naogopa.

Nikaanza na mtangazaji. Tunamwita Asali, kwa sababu ya sauti yake. Yeye ni mweupe, ndiye msimamizi wa muziki, na ndiye anayeamua kila wimbo uende fungu gani kabla haujanifikia. Kompyuta yetu ina mafungu mengi, lakini kwa muziki wa kucheza yapo mawili: Kielektroniki na Mjini.

Nilikuwa na swali la siku nyingi. Safari hii nikaliuliza.

"Asali, Mapacha umewaweka Kielektroniki. Kaka yangu umemweka Mjini. Mashine ni zile zile, mwendo ule ule. Tofauti nini?"

"Si ubaguzi, dada yangu. Usinielewe vibaya. Ni mambo ya soko."

"Mapacha wanakaa ghorofa katikati ya mji. Kaka yangu anakaa pembezoni kabisa, anafuga kuku. Nani wa mjini?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Muziki wake una... sijui nisemeje. Una joto."

"Joto? Asali, mtu karekodi friji."

Akajikuna shingo. Hapo akasema jambo lililonifanya nikae chini.

"Mimi nilidhani ndivyo mnavyoupenda. Mwepesi vile. Nimeshaandika hadi makala. Nimesema wepesi ndio utambulisho wa mngurumo wa mjini."

Nilimtazama machoni. Hakuwa anadanganya.

Sikusomea kazi hii. Nimejifunza kwa kugusa kitu kimoja, kusikiliza, kisha kugusa kingine. Nikafanya hivyo hivyo. Nikachukua diski ya kaka, nikauingiza wimbo ule ule mara mbili, mara ya kwanza fungu la Kielektroniki, mara ya pili fungu la Mjini. Sikugusa kitu kingine.

Ule wa Kielektroniki ukatoka na friji. Ule wa Mjini ukatoka bila friji.

Nikachukua wimbo wa Mapacha, nikauingiza Mjini.

Ukaugua vile vile.

"Rudia," Asali akasema. Nikarudia. Ukaugua tena. Asali akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Naapa siyo mimi! Mimi hata saa ya simu yangu nasetiwa na mke wangu."

Nilimwamini. Fungu lenyewe lilikuwa limetegwa. Kila wimbo unaopita Mjini ulikuwa unakatwa sauti za chini na kuondolewa kila kinachofanana na muungurumo wa umeme, kimya kimya, bila kumuuliza mtu. Mafundi mitambo hukiita kitu kama hicho dawa. Na dawa haiwekwi na mtangazaji.

Pale redioni mwenye ufunguo wa dawa alikuwa mmoja tu. Mzee Waya.

Mzee Waya ndiye aliyenitoa kwenye kufagia studio akaniketisha mbele ya kompyuta. Ni mweusi kama mimi, yupo pale tangu redio ilipokuwa na chumba kimoja. Ananiita Masikio. Nilimkuta chumba cha mitambo, ameinamia feni iliyofunguliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Masikio. Nishikie hii skrubu isinitoroke."

Nikashika.

"Mzee, fungu la Mjini lina dawa."

Hakuinua kichwa. Mkono wake tu ndio uliosimama.

"Umeisikia leo?"

"Mama ndiye aliyeisikia."

"Mama yako," akasema. "Miaka yote hii watu wenye digrii za sauti wamepita humu, wamekaa, wameondoka bila kuisikia."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Ningependa kukuambia nilipandwa na hasira. Haikuwa hivyo. Nilivuta tu boksi la nyaya, nikakaa juu yake.

"Sikiliza," akasema, na safari hii akaniangalia. "Zamani nyimbo zetu zilikuwa hazipiti hata mlangoni. Wakubwa wakizisikia wanasema chafu, zinanguruma, zitaharibu mtambo. Wimbo wa mtu mweusi ukiwa na mzigo chini ni uchafu. Wa mweupe ukiwa na mzigo ni ufundi. Ningefanyaje? Nikaziosha. Nikapunguza kidogo, zikapita. Siku ya kwanza ilipopita moja, nililia humu ndani, mwanangu. Nikasema angalau tumesikika."

"Na wakubwa wale walipoondoka?"

"Nilisahau." Akatikisa kichwa. "Hapana. Sikusahau. Niliogopa nikiitoa wataanza tena. Mambo yanakwenda, unasema acha yaende."

Nilikuwa na kitu kimoja mfukoni ambacho hata Asali sikumwonyesha. Kilikuwa kinanisumbua kuliko wimbo wa kaka.

"Mzee, nataka usikilize nyimbo hizi."

Nikatoa flashi. Zilikuwa nyimbo za vijana wa mtaani, wamezileta wiki ile ile. Nikazipiga kwenye spika yake ya majaribio, moja baada ya nyingine.

Zote nyepesi. Ngoma juu, makofi juu. Chini hakuna kitu.

"Zimeshaoshwa hizi," akasema. "Mbona unanionyesha zilizopita kwenye dawa?"

"Hazijapita, Mzee. Zimetoka kwao hivi hivi. Sijaziingiza bado."

Akanitazama kama sijamalizia sentensi.

"Nani kawaoshea?"

"Hakuna. Wanatengeneza wenyewe hivyo. Kule chini wengi wao hawajawahi kufika, wazazi wanawakataza. Mngurumo wameujua kwa redio. Wanadhani ndivyo ulivyo."

Mzee Waya akazima spika. Akaanza kutafuta miwani yake, na miwani alikuwa ameivaa.

Nikawaza mambo ambayo sikutaka kuyawaza. Waliosikia mngurumo wenyewe, mzima, ni Mapacha. Walishuka ngazi. Watoto wetu walibaki nyumbani na redio, wakafundishwa kujikata.

Asali akaja na suluhisho la haraka. "Tumhamishe Fundi Baridi aende Kielektroniki. Nabonyeza tu hapa. Ijumaa anatoka mzima, tumemaliza."

Nikampigia kaka, nikamweleza habari yote ya kuoshwa.

"Nihamie peke yangu?" akauliza. "Niwaache wenzangu bafuni wakisuguliwa?"

"Kaka, ni kwa ajili ya Ijumaa tu."

"Nataka kutoka mzima nikiwa pale pale waliponiweka. Kama haiwezekani, wasiupige."

Alikuwa tayari kupoteza jina lake. Nilimjua, hakuwa anatania.

Mzee Waya alikuwa amesikia yote. Akanyanyuka, akaja mbele ya kompyuta, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, na akaiondoa dawa. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua soda.

"Imetoka," akasema. "Lakini zilizokwisha kuingia zimekatwa, hazirudi zenyewe. Itabidi kuziingiza upya kutoka kwenye diski za mwanzo. Moja moja."

Diski hizo ziko stoo, ukuta mzima.

Ijumaa jioni wimbo wa kaka ulipigwa kutoka fungu la Mjini. Mzima. Kikombe cha Asali kilitembea chenyewe mezani. Kabla ya kuupiga alisema mngurumo ulianzia kule chini, kwa Fundi Baridi, na akasema kwamba wiki ile wimbo wake ulipigwa vibaya kutokana na hitilafu ya kiufundi.

Hitilafu ya kiufundi. Basi. Nani alikatwa, kwa nini, na kwa sababu ya rangi gani, hayo hakuyagusa.

Mzee Waya alikuwa nyuma yangu, mlangoni.

"Hitilafu ndiyo mimi," akasema polepole, akaondoka.

Kaka alikuwa kando yangu, kiganja kimelazwa juu ya meza, anausikiliza wimbo wake kwa mkono. Ulipokwisha nikafungua simu tusome watu wanasemaje. Wapo waliofurahi. Wapo wa kule chini walioandika kwa herufi kubwa tupu. Lakini ujumbe uliopendwa na wengi ulikuwa huu:

"Safari hii kaiga vizuri."

Nilitaka kuificha simu. Alikuwa ameshausoma.

Hakutukana. Alivua saa yake, akakunja mikono ya ovaroli.

"Stoo iko wapi?" akauliza.

Sasa ninyi niliokwisha kuwasimulia mnanitumia ujumbe mkiniuliza kwa nini sikumshtaki Mzee Waya kwa wakubwa. Sijamhukumu. Kumsamehe pia sijamsamehe, maana nyimbo hazikuwa zangu. Nilichojifunza ni kidogo, nitakisema nilivyokielewa. Jina la fungu si kibandiko cha kutafutia wimbo. Wakishakupa jina, kuna mtu atalitegea kisu, na anaweza kuwa mtu anayekupenda, aliyetaka tu upite mlangoni. Ukikatwa muda mrefu, wanao watakuja duniani wakidhani ndiyo sura yenu. Kwa hiyo wewe unayetengeneza kitu chako chini huko, usiwaachie redio peke yake kazi ya kuwaonyesha watoto wako. Washike mkono, uteremke nao ngazi.

Tupo stoo watatu. Kaka anapangusa diski, Mzee Waya anasoma majina, mimi naingiza na kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema tayari. Zile za juu hatujazigusa, ngazi ni fupi. Kesho Mzee ataleta ndefu.