Kondoo wa Kipese Aliyeuzwa Mara Tisa

Jina la mama yangu sitaliandika hapa. Nililiandika mara moja bila ruhusa yake, juu ya kikaratasi kisichozidi kidole, na mpaka leo kuna watu wa Bulengera wakinikuta njiani wananiuliza, "Kondoo hajambo?" Nawajibu waende wakaulize uwanja.

Maana uwanja upo. Nasema mapema, kwa sababu vijana wa siku hizi wanacheza pale wakifikiri mlima ulijilaza wenyewe. Thubutu! Butembo yetu ni milima. Mpira ukikuponyoka nyumbani unaufuata mpaka kwa jirani wa bondeni, na ukifika mbwa wake ameshautoboa. Pahali pale pa bapa palitengenezwa kwa jembe, na kabla ya jembe, kwa vichwa vigumu vya wanawake.

Ilikuwa miaka ya vita, mji uko mikononi mwa waasi. Sisi tulikuwa wasichana kumi na wanne, timu ya mpira wa miguu, nusu Wakatoliki, nusu Waprotestanti. Mimi nilikuwa kipa, tena kipa mzuri, na atakayebisha anitafute. Tulifanya mazoezi katika kiwanja cha shule mpaka wanajeshi wakakifanya kambi. Tukahamia kando ya barabara, pikipiki zikatufukuza. Ndipo mzee mmoja wa Bulengera aliyekuwa na shamba la mikaratusi akakata miti yake ili auze udongo, yaani kiwanja chenyewe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshamwambia anataka kujenga depo ya bidhaa pale. Lakini mzee alikuwa anapenda kutuona tukikimbia, akatuita.

"Mukileta feza mbele mwezi wa nane uishe, ni kwenu," akasema. "Ukiisha, nauzia ule wa depo. Miye pia niko na batoto ba kulisha."

Kwanza tulikwenda kudai haki yetu. Mama yangu alikuwa anauza mashu sokoni, yale makabichi makubwa yanayotoka vijiji vya Kipese, na kila juma mtu wa kodi alipita: kodi ya meza, kodi ya usafi, na nyingine iliyoitwa kodi ya michezo na burudani. Ukilipa unapewa jeton, kikaratasi chenye muhuri. Mama hakutupa hata moja. Alizitunga kwenye waya, akauning'iniza nyuma ya mlango, na mgeni akiuliza ni nini anamwambia, "Ule ndiyo mupira ya batoto. Ingali mu waya."

Basi siku hiyo akaushusha waya wake, akajifunga kikwembe cha kanisani, tukaenda naye mpaka bureau, ofisi ya michezo. Chef wa michezo, mkubwa wa ofisi ile, alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, sijui aliwezaje katika matope yetu. Akatazama waya, akatazama mama, akatabasamu.

"Mama, tuko mu vita. Ile feza imeenda ku vita."

"Basi muandike ku jeton: kodi ya vita," mama akamjibu. "Nitalipa, lakini nijue nini nalipa. Hapa mumeandika michezo. Michezo iko wapi?"

Yule bwana akasema tutaona. Tulirudi na waya wetu, na mama akauning'iniza tena nyuma ya mlango.

Wenzetu Wakatoliki wakaleta wazo la tombola, kama wanavyofanya kwenye sikukuu ya parokia: unanunua kikaratasi, unaandika jina lako, siku ya siku mkono unaingia kwenye kikapu. Zawadi ya kwanza kondoo dume, aliyetolewa na familia moja ya Kipese, mnene, mwenye macho ya dharau. Zilikuwepo pia beseni na gunia la viazi, lakini watu walimtaka kondoo.

Kwetu sisi Waprotestanti hiyo ni kamari. Na mama yangu hakuwa Mprotestanti wa kukaa tu: alikuwa mushemasi, anayegawa mkate wa meza ya Bwana, benchi ya mbele, kitambaa cheupe kichwani. Kazi ile aliipenda kuliko mashu yake, kuliko mimi labda.

"Mu nyumba yangu muchezo wa bahati hautaingia," akaniambia. "Ile kikapu yenu ibaki kule kule."

Nikaitika. Kisha nikaenda nikauza. Nilikuwa na mdomo, jamani! Niliuza kwa wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwa wauguzi, hata kwa askari wa barrière, kizuizi cha barabarani. Tulikuwa tumepatana mambo mawili: muuzaji haruhusiwi kujiandikia mwenyewe, na kila mtu amalize kitabu chake. Jumamosi ya tombola, watu wameshajaa shambani kwa mzee, mimi nilibaki na kikaratasi kimoja. Kimoja tu! Wenzangu wanapiga kelele, leta kikapu, leta kikapu. Nikatoa feza yangu ya mandazi, nikakinunua, na kalamu ikaandika jina la kwanza lililonijia. Nilijiambia: mu hii milima ya karatasi, nani atakiokota kile?

Mnajua tayari. Kabla ya zawadi, chef wa michezo alitoa hotuba ndefu, maana alikuja, na viatu vyake. Kisha dada mmoja akafungwa kitambaa machoni, akaingiza mkono, akatoa karatasi ya kondoo, na jina la mama yangu likasomwa kwa megafoni mbele ya Bulengera nzima.

Mama wee! Kicheko kikaanzia nyuma, upande wa Wakatoliki, Mungu awasamehe. Mushemasi ameshinda tombola! Wazee wawili wa kanisa letu waliokuwa wamesimama njiani, wanasema walikuwa wanapita tu, wakatazamana. Mama alikuwa pembeni na beseni lake la mashu. Alikuja kuuza, siyo kucheza. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata. Nilitamani udongo wa mzee ufunguke nami niingie. Nilijua atasema nini: mimi sijui habari hii, ni mutoto wangu ameandika. Neno moja tu, na heshima yake ingebaki mahali pake.

Hakulisema. Alitua beseni, akapita katikati ya watu, akashika kamba ya kondoo.

Wasiojua makanisa yetu waelewe kwanza jambo moja. Wakati wa mavuno sisi tunaleta kuku, ndizi, maharagwe mbele ya madhabahu, na baada ya ibada vinauzwa kwa kushindana bei. Mtu anamnunua kuku, analipa, halafu anamrudisha: auzwe tena kwa ajili ya Bwana. Kuku mmoja anaweza kununuliwa na familia tano na jioni akalala kwa pasta. Mama yangu ndiye alikuwa muuzaji wa mavuno. Sauti ile ilikuwa inatoa feza hata kwenye mifuko iliyoshonwa.

"Miye sikucheza huu muchezo," akasema, bila megafoni. "Lakini jina ni langu, na kondoo iko mu mukono yangu. Kwangu haitafika. Sasa tunaiuza kwa namna ya kwetu. Nani anaanza?"

Akaanza muuza chumvi jirani yake wa sokoni. Akalipa, akarudisha kamba. Akafuata mwalimu. Akafuata mama mmoja Mkatoliki aliyekuwa amecheka sana, akalipia kicheko chake. Askari mmoja akapaza sauti kwa Kilingala, "Nga pe!", na mimi pia, akatoa noti zake zilizokunjika, akarudisha kondoo akicheka. Kila mara mama anapaza, "Nani tena?" na kondoo anapelekwa na kurudishwa, amechoka, anatutazama kama watu waliorukwa na akili.

Halafu mama akageuka polepole mpaka kwa chef wa michezo.

"Na wewe, papa? Tangu mwaka uliopita miye nakununulia. Leo nunua wewe."

Watu walilia kwa kicheko. Wanawake wa soko wakaanza kupiga makofi, taratibu, kwa pamoja, na hawakuacha. Chef akafuta jasho. Akatazama wanajeshi; wanajeshi wenyewe walikuwa wanapiga makofi. Basi akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa feza, siyo kidogo, na mama akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima yote. "Wasingya," akamshukuru kwa Kinande. Kisha akatuambia sisi, kwa sauti ya kawaida, kwamba sasa mpira umetoka mu waya.

Mnunuzi wa tisa alikuwa mzee mwenye shamba. Feza zote pamoja zilikuwa bado zimepungua kidogo. Alimshika kondoo shingoni, akamkagua meno, akasema, "Inatosha. Miye nakwenda na kondoo, nyinyi mubaki na udongo." Nililia palepale, sioni aibu kusema. Nililia kwa furaha na kwa woga wa nyumbani.

Nyumbani mama alinipikia sombe, yaani kisamvu, na kunipa jembe. "Alhamisi uko wa kwanza kule juu," akasema. Basi. Hakunipiga, hakuniuliza kitu, na hilo lilinichoma kuliko fimbo.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, wazee wa kanisa walimwita. Walimuuliza kama lile jina lililosomwa ni lake. Akajibu: ndiyo, ni langu. Wakamtia katika nizamu miezi mitatu: asiguse mkate, asiuze mavuno, akae benchi ya nyuma. Mimi nilikuwa katika korali, uso kwa uso na watu wote, nikamwona akienda nyuma na kitambaa chake cheupe, shingo imesimama. Niliimba. Aibu gani ile! Niliimba miezi mitatu.

Miezi hiyo mitatu tulikata mlima. Kila Alhamisi salongo, kazi ya pamoja: mtaa mzima, majembe, beseni za udongo kichwani, Wakatoliki na Waprotestanti, wauza chumvi, wanafunzi, hata yule askari wa kondoo. Hakuna mashine iliyokanyaga pale, na serikali, ya waasi au ya wengine, haikuleta hata kamba. Ulipokuwa tayari ulikuwa na mteremko kidogo upande wa kulia, na upo mpaka leo, na sisi tunaujua, wageni hawaujui.

Wageni wa kwanza walikuwa wasichana wa Beni. Walipita barrière baada ya barrière kuja kucheza mpira, fikiria, wakati watu barabara ile walikuwa wanaipita kwa maombi. Walitufunga mbili kwa moja. Mama yangu alisimama pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mechi ilipoisha akawaambia watu wa Beni, "Nyinyi muende na mechi. Sisi tunabaki na uwanja."

Kipa wao alilala kwetu. Asubuhi, siku ya Mungu, tukaenda naye kanisani, na ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Mkate ukapita benchi kwa benchi. Ulipofika nyuma, ukamruka mama yangu. Yule mgeni, aliyekuwa amekula kwetu na kulala kwenye kitanda cha mama, akaja mbele kwenye korali, akaniinamia.

"Dada, mama yako alikosa nini?"

Miguu ikasimama yenyewe. Nikasema kwa sauti, kanisa zima linasikia, kwamba jina mimi ndiye niliyeliandika, kwamba mama hakujua, kwamba nilinyamaza kwa sababu niliogopa.

Pasta hajafungua kinywa, sauti ikatoka benchi ya nyuma.

"Kaa chini, we mutoto! Nilikuwa nabakisha siku ya Mungu moja tu!"

Kanisa likaangua kicheko. Pasta naye alicheka, kisha akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. "Muliniuliza kama jina ni langu," mama akajibu. "Jina ni langu. Hata mutoto ni wangu."

Wakamrudishia kitambaa chake, mkate wake na benchi ya mbele. Nizamu wakanipa mimi, miezi mitatu, haki yangu kabisa. Juma lililofuata niliingia nikakaa nyuma peke yangu, karibu na mlango, nikitazama miguu yangu yenye matope ya uwanja. Wimbo wa kwanza haujaisha, nikasikia mtu amesimama juu yangu.

"Sogea," mama akasema. "Hapa ni pangu."